Kugombea Kiti cha Dola 100 kwa Mwaka: Mwongozo kwa Wapenda Uhuru wa New Hampshire

Jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lina Baraza la Wawakilishi lenye viti 400 na Seneti yenye viti 24, ilhali wakazi wake wote, kwa sensa ya mwaka 2020, walikuwa 1,377,529 tu. Ukigawanya hesabu hiyo utaona kwamba kila mwakilishi anawasemea watu wasiofika 3,500. Mshahara wake ni dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka 2, yaani dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa katika katiba ya jimbo mwaka 1889 na ambacho hakijapandishwa tangu hapo. Hurudishiwa gharama ya maili anazosafiri kwenda Concord, makao makuu ya jimbo, lakini mwakilishi wa kawaida hana ofisi yake, hana katibu wala msaidizi, na simu anayopigiwa na wananchi ni ile ile ya nyumbani kwake.

Bunge la namna hiyo limewavutia kwa muda mrefu watu wanaotaka serikali ndogo, kodi chache na sheria zisizoingia chumbani kwa mtu. Mwaka 2001 Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, alipendekeza kwamba watu 20,000 wenye mwelekeo huo wahamie pamoja katika jimbo moja dogo ambako idadi yao ingeonekana. Mpango huo, uliopewa jina la Free State Project, ulipiga kura mwaka 2003 na kuichagua New Hampshire mbele ya Wyoming, na mwezi Februari 2016 waliotia saini walifika 20,000, ingawa waliofunga mizigo na kuhama kweli walikuwa wachache zaidi ya walioahidi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, kwa ajili ya wenyeji wanaofikiri kama wao, na pia kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi, ambao wamejenga maisha Manchester, Concord au Nashua, wamepata uraia, na wameanza kujiuliza kama mlango huo uko wazi kwao. Mlango uko wazi. Mwaka 2018 Safiya Wazir, mzaliwa wa Afghanistan aliyefika Concord kama mkimbizi na kupata uraia mwaka 2013, alimshinda katika mchujo, yaani kura ya chama ya kumteua mgombea wake, mwakilishi aliyekuwa amekaa kitini vipindi kadhaa, kisha akashinda uchaguzi mkuu.

Katika maelezo yanayofuata, neno jimbo lina maana ya New Hampshire nzima, na sehemu inayomchagua mwakilishi nitaiita eneo la uchaguzi, ili msomaji wa Kenya au Tanzania asichanganye na jimbo la ubunge analolijua kwao.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unaruhusiwa

Mgombea wa Baraza la Wawakilishi anapaswa kuwa raia aliyetimiza miaka 18, awe mkazi wa New Hampshire kwa miaka 2 kamili kabla ya siku ya uchaguzi, na siku hiyo awe anaishi ndani ya eneo analotaka kulisemea. Seneti inadai zaidi, kwani mgombea wake lazima awe na umri wa miaka 30 na awe ameishi katika jimbo kwa miaka 7. Mtu aliyehamia hivi karibuni, hata awe na ari ya namna gani, hana budi kuhesabu tarehe zake vizuri, na kutunza ushahidi unaoonyesha siku alipoanza kuishi kweli katika jimbo: mkataba wa nyumba, leseni ya udereva, usajili wa gari na kuandikishwa katika daftari la wapiga kura. Mpinzani anayetaka kukuondoa kwenye karatasi ya kura ataanzia hapo, wala hatakuwa amekosea.

Wahamiaji wana jambo jingine la kuangalia, na ninalitamka kwa msisitizo kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko kushindwa uchaguzi. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani, si raia, na akijiandikisha kupiga kura au akisema mahali popote kwamba yeye ni raia, anaweza kufukuzwa nchini na kupoteza haki ya kuomba uraia baadaye. Asubiri kwanza kiapo cha uraia. Mfanyakazi wa serikali kuu ya Marekani naye aulize mapema kazini kwake, kwa maana sheria iitwayo Hatch Act inawazuia wafanyakazi hao kugombea katika uchaguzi wa vyama, na uchaguzi huu ni wa vyama.

Hatua ya pili: ijue ramani ya eneo lako

Wengi wanaotoka nje hudhani kwamba viti 400 vina maana ya maeneo 400 yenye mwakilishi mmoja mmoja. Sivyo. Baadhi ya maeneo yana kiti kimoja, mengi yana viti 2, 3 au 4, na eneo la mji wa Derry, kwa ramani iliyochorwa mwaka 2022, lina viti 10 ambavyo wapiga kura wote wa mji huo huvijaza kwa pamoja. Zaidi ya hayo, yapo maeneo yanayotandazwa juu ya maeneo mengine kama mkeka wa pili juu ya mkeka wa kwanza, ili miji midogo ambayo idadi yake inabaki baada ya kugawanya iunganishwe na ya jirani na kupata kiti cha ziada. Mpiga kura mmoja anaweza basi kuwa na wawakilishi kutoka maeneo mawili tofauti kwa wakati mmoja, na wewe unaweza kuchagua ugombee katika lipi kati ya hayo.

Uamuzi huo si wa kuchukulia kwa wepesi. Eneo la juu huwa na miji mingi zaidi, kwa hiyo hodi za kupiga ni nyingi na barabara ni ndefu, lakini ushindani wake mara nyingine huwa mdogo kwa kuwa watu hawalielewi. Katika eneo lenye viti vingi, kila mpiga kura ana kura nyingi kama idadi ya viti, naye anaruhusiwa kutumia chache kuliko alizo nazo. Kwa sababu hiyo usimwombe mtu amwache mgombea anayempenda. Mwombe kura moja kati ya kura zake tatu au nne, ombi ambalo hata mwanachama wa chama kingine anaweza kulikubali bila kujihisi msaliti. Nimeshangaa mara nyingi kuona wagombea wenye hoja nzuri wakisahau hesabu hii ndogo na kutumia dakika zao zote mlangoni kumsema vibaya jirani ambaye mwenye nyumba amempigia kura kwa miaka 10.

Pata matokeo ya chaguzi mbili au tatu zilizopita kutoka ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayosimamia uchaguzi, ambayo huyatoa hadharani mji kwa mji na kata kwa kata, na uandike idadi ya kura za mshindi aliyeingia kwa kura chache kuliko washindi wenzake. Namba hiyo ndiyo shabaha yako, si jumla ya kura wala asilimia. Katika mchujo wa chama, shabaha hiyo mara nyingi huwa mamia machache tu.

Hatua ya tatu: chagua njia ya kuingilia

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kupitia mchujo wa Republican, ambako wapenda uhuru wengi wa leo wamejikita, kiasi kwamba Jason Osborne, mmoja wa waliohamia, alifika kuwa kiongozi wa wabunge wa chama chenye wingi. Ya pili ni Democrat, na mwenye kucheka hapa akumbuke kwamba Joel Winters, mtu wa kwanza wa Free State Project kuchaguliwa bungeni, aliingia mwaka 2006 kutoka Manchester kwa tiketi ya Democrat. Ya tatu ni kugombea nje ya vyama hivyo viwili, jambo linalotaka saini 150 za wapiga kura kwa kiti cha uwakilishi na 750 kwa Seneti. Chama cha Libertarian, yaani chama cha wapenda uhuru wenyewe, kilipata wawakilishi 4 katika uchaguzi wa mwaka 1992, lakini hali hiyo haijarudi, na mtu anayetaka kupitisha sheria badala ya kutoa ushuhuda wa imani yake atafikiri mara mbili kabla ya kuifuata njia hii.

Usichague chama kwa kuangalia ni kipi kinakaribia mawazo yako katika Marekani nzima. Angalia ni kipi kinashinda katika eneo lako, na ndani yake ni nani watakaokuvumilia. Wapiga kura wasiojiandikisha na chama chochote ni kundi kubwa sana New Hampshire, nao wanaruhusiwa kuchukua karatasi ya mchujo ya chama wanachotaka siku hiyo hiyo; hodi zako za kiangazi zisiwaruke. Wewe mgombea, kwa upande wako, lazima uwe mwanachama uliyeandikishwa wa chama unachotaka kukiwakilisha, na ufanye hivyo kabla ya dirisha la kuchukua fomu kufunguliwa. Nenda kwa karani wa mji mwezi Aprili au Mei, ulimalize.

Hatua ya nne: julikana katika mkutano wa mji kabla ya kuomba kura

Miji mingi ya New Hampshire bado hufanya mkutano wa mwaka ambapo wakazi wenyewe hukaa ukumbini mwezi Machi, wakasoma bajeti kifungu kwa kifungu na kuipigia kura kwa kuinua mikono au kadi. Kabla ya kugombea kwenda Concord, hudhuria mikutano hiyo walau mara mbili, jitolee katika kamati ya bajeti, katika maktaba, au katika kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Serikali ndogo ambayo mpenda uhuru anaihubiri inawezekana tu pale ambapo watu hufanya kazi hizi bila malipo, na mji utakupima kwa kuangalia kama na wewe unazifanya.

Yaliyotokea Croydon yanafaa kusomwa na kila mgombea wa aina hii. Croydon ni mji wa watu 800 hivi. Mwezi Machi 2022, katika mkutano wa bajeti ya shule uliohudhuriwa na watu wachache, mmoja wa viongozi wa mji alisimama na kupendekeza bajeti ipunguzwe kutoka dola milioni 1.7 hadi dola 800,000, na pendekezo likapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Taratibu zote za kisheria zilifuatwa. Lakini mji haukuwa umeonywa, wazazi hawakuwa wamejiandaa, na matokeo yake yalikuwa ghadhabu ambayo haikuangalia chama. Sheria ilidai walau nusu ya wapiga kura wahudhurie ili uamuzi uweze kutenguliwa. Mwezi Mei walijitokeza kwa mamia na kuirudisha bajeti kwa kura 377 dhidi ya 2.

Ninavyoona mimi, kosa lililofanyika pale halikuwa katika hoja kuhusu gharama za shule, ambayo mtu anaweza kuitetea kwa heshima, kwa sababu kodi ya ardhi na majengo ni mzigo mzito katika jimbo lisilotoza kodi ya mishahara wala kodi ya mauzo. Kosa lilikuwa kuwashtukiza majirani. Waliokuwa wanyonge ukumbini mwezi Machi walipata miezi miwili ya kuzungumza wao kwa wao, na wapunguza bajeti hawakuwa wameyafanya mazungumzo hayo kabla. Ukitaka kupunguza kitu, anza kukisema mwaka mmoja kabla, kwa jina lako, mbele ya wale watakaoumia, na uwasikilize wakikueleza ni wapi hesabu zako zina kasoro.

Hatua ya tano: peleka tamko la kugombea

Hatua hii ni rahisi kuliko zote. Mgombea wa uwakilishi hujaza tamko la kugombea kwa karani wa mji au jiji anakoishi, na kulipa ada ya dola 2. Wa Seneti hulipa dola 10. Kwa muda mrefu dirisha limekuwa likifunguliwa Jumatano ya kwanza ya Juni na kufungwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mwaka 2024, kwa mfano, lilikuwa tarehe 5 hadi 14 Juni, na mchujo ukafanyika tarehe 10 Septemba. Kwa kuwa wabunge wamekuwa wakibishana juu ya kuufanya mchujo mapema zaidi, tarehe za mwaka wako zichukue kutoka kalenda ya Katibu wa Jimbo, wala usizitegemee za mwaka uliopita. Iko pia fomu ya kutangaza maslahi yako ya kifedha, ambayo wageni huisahau.

Usisubiri siku ya mwisho, isipokuwa kama una sababu ya kimkakati ya kutotaka wapinzani wajue. Na kabla ya kwenda, tafuta watu wengine wa kujaza viti vinavyobaki katika eneo lako. Katika eneo lenye viti 4, wagombea 4 wanaotembea pamoja, wakigawana mitaa na kuchapisha kipeperushi kimoja chenye sura zote nne, hufanya kazi ya wiki moja kwa siku mbili.

Hatua ya sita: piga hodi

Kila kitu kingine katika mwongozo huu kinaweza kufanywa vibaya na mtu akashinda bado, lakini hili la kwenda nyumba kwa nyumba likikosekana, mgeni hashindi. Tuchukue mfano wa hesabu. Eneo lako lina kiti kimoja, na matokeo ya nyuma yanaonyesha kwamba mshindi huhitaji kura 1,000. Nyumba zenye wapiga kura wa mara kwa mara ni, tuseme, 900. Mtu mmoja akipita nyumba 15 kwa saa, kwa saa 3 jioni, mara mbili kwa wiki, anafika nyumba 90 kila wiki, na kwa wiki 10 amezimaliza zote bila kuacha kazi yake. Ni mabunge machache sana ya majimbo Marekani ambako mgombea anaweza kuwafikia karibu wapiga kura wote mwenyewe, kwa miguu yake, katika kiangazi kimoja. Waliofanya kiti kiwe kidogo namna hii walikuachia nafasi, na ni aibu kuitumia kwa kukaa nyumbani ukibishana kwenye simu.

Nunua orodha ya wapiga kura kutoka kwa karani wa mji, iweke katika mpangilio wa barabara, na uanze na wale waliopiga kura katika mchujo uliopita. Mlangoni, sema jina lako, mtaa unaoishi, na kwamba unagombea uwakilishi. Kisha uliza swali moja na unyamaze. Swali zuri ni lile linalohusu kodi ya nyumba yao, au barabara iliyo mbele yenu, au leseni ambayo serikali inawadai ili wafanye kazi yao. Msusi, fundi umeme na mama anayepika nyumbani kwa ajili ya kuuza wanaijua serikali kubwa kwa mikono yao, na hawahitaji kusomewa nadharia. Andika walichosema mara tu unapotoka, kwa sababu ukirudi mwezi Oktoba ukakumbuka shida ya bomba lao la maji taka, kura hiyo umeipata.

Kwa wagombea wanaozungumza Kiswahili, au Kifaransa, au Kirundi, hii ni nafasi ambayo wengine hawana. Zipo familia katika majengo ya Manchester ambazo zimekuwa raia kwa miaka kadhaa lakini hakuna mgombea aliyewahi kupanda ngazi zao. Piga hodi kwa heshima ya kwetu, msalimie mkubwa wa nyumba kwanza, usikatae maji ya kunywa, na usiulize juu ya kura mpaka mmeulizana habari. Waeleze pia kwamba New Hampshire humruhusu raia kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura akiwa na vielelezo vinavyotakiwa, na uwaonyeshe vielelezo hivyo ni vipi kwa mwaka huo, kwa kuwa masharti ya kuthibitisha uraia yamekazwa. Mtu aliyerudishwa kituoni kwa sababu ya karatasi hatarudi mara ya pili.

Linabaki swali la jina. Katika miji kadhaa, kuitwa mtu wa Free State kunapoteza kura, na wapinzani huchapisha orodha za wale wanaowatuhumu kuwa wa mpango huo. Wengine hujibu kwa kukana au kukwepa. Ushauri wangu ni kusema ukweli kwa ufupi pindi unapoulizwa: kwamba ulihamia kwa sababu uliipenda tabia ya jimbo hili la kumwacha mtu aishi, kwamba kaulimbiu iliyo kwenye vibao vya magari, inayosema ishi huru au ufe, ilikuwa hapa kabla yako, na kwamba watoto wako wanasoma katika shule ile ile. Anayefichua siri ya mwenzake huaminiwa kuliko mwenye siri, kwa hiyo usiwe na siri.

Hatua ya saba: fedha na mabango

Kampeni nyingi za uwakilishi huendeshwa kwa fedha kidogo zinazotoka mfukoni mwa mgombea na kwa marafiki, na zinatosha kwa vipeperushi, barua moja ya posta na mabango kadhaa ya nyasini. Fungua akaunti ya benki tofauti na ya nyumbani, mteue mweka hazina, na utoe taarifa kwa Katibu wa Jimbo mara mapato au matumizi yanapovuka kiwango cha sheria. Kila tangazo lioneshe nani amelilipia. Bango lisiwekwe kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake, lisipigiliwe kwenye nguzo ya umeme, na liondolewe kufikia Ijumaa ya pili baada ya uchaguzi kupita. Majirani huyaona hayo.

Hatua ya nane: siku ya kura na kura zinazohesabiwa upya

Simama nje ya kituo tangu kinapofunguliwa mpaka kinapofungwa, ukiwasalimia watu. New Hampshire hutarajia kumwona mgombea pale, hata mvua ikinyesha. Matokeo yakitoka yakiwa karibu, usikubali wala kukata tamaa usiku huo huo, bali peleka ombi la kuhesabu upya ndani ya siku chache zinazoruhusiwa. Mwaka 2022 katika kata moja ya Rochester wagombea wawili walipata kura 970 kila mmoja, ikabidi uchaguzi urudiwe Februari 2023. Kiti hicho hakikuwa jambo dogo: Baraza zima lilikuwa limegawanyika 201 kwa 198, na hicho kimoja kikiwa wazi.

Hatua ya tisa: ukishinda, fika

Wabunge wapya huapishwa Jumatano ya kwanza ya Desemba, na vikao huanza Januari mpaka Juni. Baraza zima kwa kawaida hukutana siku za katikati ya wiki, na siku nyingine ni za kamati. Anayeishi Berlin, kaskazini, huendesha gari takriban saa 2 kufika Concord, na theluji huongeza. Mwajiri wako ajue haya kabla ya Juni ya kugombea, asiyasikie Januari. Kwa kuwa wengi ni wastaafu na watu wenye kazi zao, mahudhurio huyumba, na maamuzi ya tofauti ya kura moja au mbili huamuliwa na nani amebaki ukumbini saa kumi na mbili jioni. Mpenda uhuru asiyefika amewapa ushindi wale anaowapinga, tena bure.

Bungeni hapo kuna desturi moja inayomfaa mwakilishi mpya kuliko mahali pengine: kila muswada hupata kikao cha kusikiliza wananchi, na kila muswada hurudishwa mbele ya Baraza zima upigiwe kura. Hauzikwi kimya kimya na mwenyekiti. Maombi ya kuandaa miswada huanza kupokelewa mara baada ya uchaguzi, hivyo ingia na muswada mmoja au miwili uliyoielewa kabisa, ikiwezekana yenye waungaji mkono kutoka vyama vyote viwili, na uache ile ya kujionyesha. Mwezi Machi 2022 pendekezo la kuitenga New Hampshire kutoka Marekani lilishindwa kwa kura 323 dhidi ya 13, na walioliunga mkono wamekuwa wakijibia kura hiyo katika kila mlango tangu siku hiyo. Linganisha na kufutwa kwa sharti la kibali cha kubeba bastola mfichoni mwaka 2017, au kuondolewa kabisa kwa kodi ya riba na gawio kuanzia tarehe 1 Januari 2025: kazi za miaka mingi, zilizopita kwa vipande, na wengi wa waliozipigania hawakujulikana nje ya miji yao.

Shirika la wapenda uhuru liitwalo New Hampshire Liberty Alliance huchambua miswada na kugawa karatasi ya rangi ya dhahabu inayopendekeza namna ya kupiga kura, kisha humpa kila mbunge alama. Karatasi hiyo husaidia sana pale unapokuwa na miswada mamia isiyoweza kusomwa na mtu mmoja. Lakini isome pamoja na muswada wenyewe, walau ile inayougusa mji wako, kwa maana mpiga kura akikuuliza kwa nini ulipiga kura ya hapana, huwezi kumjibu kwa kumwonyesha karatasi ya watu wengine.

Kuna kazi ya pili ambayo wagombea wengi hawaijui mpaka waapishwe. Wawakilishi wote wa kaunti moja hukaa pamoja kama baraza la kaunti, na ndio wanaoidhinisha bajeti yake, yenye jela na nyumba ya kulelea wazee ndani yake. Katika kaunti ya Belknap baraza hilo pia huwateua wasimamizi wa Gunstock, mlima wa kutelezea theluji unaomilikiwa na kaunti. Mwezi Julai 2022 mvutano kati ya baadhi ya wawakilishi na wasimamizi uliwafanya viongozi wa mlima wajiuzulu kwa mkupuo na shughuli zikasimama katikati ya kiangazi. Mchujo wa Septemba uliwaondoa baadhi ya wawakilishi waliohusika. Soma bajeti ya kaunti yako wakati bado unagombea, tembelea nyumba ya wazee, zungumza na wauguzi na wakuu wa zamu, na ujue ni gharama zipi zinalazimishwa na sheria na zipi zinaweza kuguswa.

Ukiona katika mwaka wa kwanza kwamba huwezi kuhudhuria kama ulivyoahidi, waambie wapiga kura na wenzako wa eneo lako kabla ya Mei ya mwaka wa pili, ili jirani mwingine mwenye msimamo kama wako apate muda wa kujiandikisha na chama, kwenda kwa karani na kulipa zile dola 2.